Linux si ya mainjinia pekee

Ukitafuta laptopu ya mtumba pale Luthuli Avenue, Nairobi, huenda ukaambiwa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows, ni ya mainjinia, eti kila kitu ni kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Dhana hiyo ina chanzo. Linus Torvalds alipoitoa mwaka 1991, ilihitaji ujuzi kweli. Siku hizi matoleo yake kama Ubuntu au Linux Mint hutumika kwa kubonyeza tu: unafungua Firefox, unaingia eCitizen, unachapisha barua. Hata simu ya Android unayotumia kutuma M-Pesa, kiini chake ni Linux.

LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, hufungua faili za Word na Excel. Niseme ukweli, faili ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) inaweza kukataa, na CV yenye mapambo mengi huvurugika. Ihifadhi kama PDF kabla ya kuipeleka saiba.

Linaloniuma ni mwanafunzi kuambiwa anunue mashine nyingine wakati aliyo nayo ni nzima. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Mashine kama hizo, hata za RAM ya GB 4, nyingi hubeba Linux Mint ya Xfce (toleo lake jepesi) vizuri, na masasisho ya usalama ni bure.

Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha chochote. Wi-Fi na printa zikikubali, nakili faili zako mahali salama, ndipo uisakinishe.