Je, wajua? Kidonge cha mdiria kinaweza kukuambia samaki gani walikuwa ziwani

Mdiria, ndege mla samaki, humeza samaki mzima, kichwa kikitangulia ili miiba ya mapezi isimkwame kooni. Nyama huyeyuka tumboni. Mifupa na magamba yaliyobaki hufungamana kuwa kidonge, naye hukitema palepale alipotua. Ukiona mti uliokufa au nguzo ya gati inayopendwa na mdiria, inama uangalie chini yake: vidonge vya kijivu, vyepesi, vinavyovunjika ukivibana kwa vidole.

Kwa vidonge vya namna hiyo, watafiti wa Ghuba ya Mwanza walionyesha jinsi mlo wa mdiria mweusi-mweupe, Ceryle rudis kwa jina la kisayansi, ulivyogeuka baada ya sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, kulitawala Ziwa Victoria. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980. Furu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina wasiopatikana kwingineko duniani, wakapukutika. Katika vidonge, mifupa ya furu ikapungua, na mahali pake pakajaa mifupa ya dagaa.

Lakini mtu anajuaje kwamba kipande hiki cha mfupa ni cha furu na kile ni cha dagaa? Asikimbilie magamba, maana samaki mmoja ana mamia. Aangalie koo. Furu ana taya la pili kooni, na upande wake wa chini ni mfupa mmoja wenye umbo la pembetatu, uliopandwa meno juu yake. Ukipata pembetatu saba, umepata furu saba. Dagaa hana meno mdomoni kabisa. Meno yake yako kwenye mifupa miwili ya kooni, mmoja kushoto na mwingine kulia. Hapa ndipo wanaoanza hukosea. Tuseme umepata mifupa 11 ya kushoto na 9 ya kulia. Jibu si dagaa 20, wala si 10 kwa kugawanya jumla kwa mbili. Ni dagaa 11 kwa uchache, kwa sababu kila mfupa wa kushoto ulikuwa na mwenyewe.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa vya gharama. Kila kidonge kiwe na bahasha yake ya karatasi, iandikwe tarehe na mahali. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na kidonge huota ukungu. Kiloweke usiku kucha kwenye maji yenye sabuni kidogo, kimimine kwenye chujio lenye matundu ya nusu milimita, suuza, kausha kivulini, kisha tenganisha mifupa kwa kibanio ukitumia lenzi au hadubini ndogo. Vaa glavu na barakoa tangu unapookota, kwani kidonge kikavu hutoa vumbi. Na mashimo ya viota kwenye kingo za udongo yaache. Sakafu zake zina mifupa mingi, ni kweli, lakini ukingo hubomoka kirahisi na kufukia makinda, na mifupa ya humo imechanganyika bila mpangilio wa siku.

Kujua idadi ni nusu ya kazi, bado ukubwa. Kwa hilo lazima uwe na samaki wa kulinganisha: nunua mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, dagaa na furu wa urefu tofauti, pima kila mmoja urefu na uzito, chemsha, toa mfupa wa koo, upime nao. Ukichora vipimo hivyo kwenye grafu, mfupa wa kidonge utakupa urefu wa samaki aliyeliwa. Uzito haufuati urefu moja kwa moja, bali hupanda takriban kwa mchemraba wake: dagaa wa sentimita 4 ana karibu nusu tu ya uzito wa yule wa sentimita 5. Tena dagaa ni mwembamba, furu ni mpana. Kwa hiyo ndege aliyehama kutoka furu kwenda dagaa wa urefu uleule analazimika kupiga mbizi mara nyingi zaidi kwa shibe ileile. Kwa ndege wa gramu 80 hivi, anayewinda kwa kupigapiga mbawa papo hapo hewani kabla ya kujitosa, hiyo ni gharama kubwa.

Kulisha makinda Ziwa Victoria pia hakukuwa rahisi. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer alilinganisha midiria wa Ziwa Naivasha na wa Ziwa Victoria, upande wa Kenya. Victoria, ambako uvuvi ulikuwa mgumu zaidi, wazazi walikubali madume wasio ndugu zao waje kusaidia kuleta samaki kiotoni. Naivasha mara nyingi waliwafukuza.

Kidonge nacho hupotosha. Asidi ya tumbo hula mifupa, na midogo hutoweka kwanza, kwa hiyo samaki wadogo huhesabiwa pungufu. Mfupa uliolika kingo hupimika mfupi kuliko ulivyokuwa, na samaki wake huonekana mdogo. Usiupime, uhesabu tu. Ukiokota chini ya mti wanaotua ndege wa aina mbili tatu, hujui kidonge ni cha nani.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mdiria hufikia tabaka la juu tu la maji, na huchukua samaki anaoweza kuwameza. Kidonge kisicho na furu hakithibitishi kwamba furu wameisha kule chini. Miaka ya 1990, sangara walipovuliwa sana, baadhi ya furu walianza kuonekana tena, lakini wengine walirudi kwenye vilindi ambavyo mdiria hafiki. Ndiyo maana vidonge vyake husomwa pamoja na samaki wa nyavu za utafiti, na pamoja na vidonge vya mnandi, ndege ambaye huzama na kumfukuza samaki chini ya maji.