Tairi kipara si tairi ya Norris

Jumatatu ya Machi 17, 2025, sijamaliza hata kufungua banda, dereva mmoja wa Noah anayepakia abiria wa Kondoa kashaegesha mlangoni. "Fundi, jana uliangalia mbio za magari za Melbourne? Umeziona zile tairi? Hazina mfereji hata mmoja, na gari inakata kona kama imegandishwa barabarani. Halafu wewe kila siku unanisumbua nibadilishe zangu."

Huyo ni wa tatu tangu mvua zianze kuniambia maneno hayo hayo. Kazi ya tairi nimeifanya hapa Dodoma miaka kumi na minne, na Formula 1 naipenda kweli. Jumapili ile nilikaa mbele ya runinga kuanzia saa 1 asubuhi, ibada nikaenda ya pili. Kwa hiyo naumia mara mbili: mchezo ninaoupenda unageuzwa kisingizio, na anayekitumia kisingizio hicho ana roho za watu nyuma yake.

Dhana yenyewe ni hii: tairi ikiisha mifereji ndiyo inashika lami vizuri, maana magari ya mashindano hayana mifereji.

Ukweli ni kwamba tairi ya sliki, ile isiyo na mifereji wanayofunga kina Norris, mshindi wa Melbourne, haikuisha. Imetengenezwa hivyo. Mpira wake ni laini, na kwa kuwa hauna mifereji unagusa lami kavu kwa upana wake wote. Tena haushiki mpaka upate moto: kabla haijafungwa inavikwa blanketi la umeme lenye nyuzi joto kama 70, na ikiwa mbioni inafanya kazi vizuri ikikaribia 100. Tairi ya Noah haifiki huko hata ukienda Kondoa mchana wa jua kali. Na kipara chako ni kitu kingine kabisa. Mpira wa kushika barabara umeshaliwa, umebaki wa chini, mgumu, uliokauka kwa jua la miaka, na chini yake ni waya.

Pale karibu na kompresa nimetundika kipande cha tairi nilichokikata kwa msumeno wa chuma. Nilimshika yule dereva kidole nikakipitisha kwenye ukingo: huu mpira wa juu, hizi nyuzi, hizi waya. Tairi mpya ya gari dogo huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Kile kipande hakifiki hata milimita 1, na sehemu moja waya zimechomoza zinachoma. Alirudisha mkono haraka.

Halafu mbio zenyewe alizitazama nusu! Melbourne siku ile ilinyesha. Magari yalianza na tairi za mstari wa kijani, za mvua ya wastani, zenye mifereji, na bado dereva Hadjar aligonga ukuta kwenye mzunguko wa kujipanga, mbio hazijaanza. Doohan akafuata kwenye mzunguko wa kwanza. Sainz akagonga akiwa nyuma ya gari la usalama, lile linalotangulia kupunguza mwendo wa wote, mwendo ambao sisi tungeuita wa pole. Hao walikuwa na mifereji. Barabara ilipokauka wakahamia sliki, na karibu mzunguko wa 44 kati ya 57 mvua ikarudi. Norris wa kwanza na Piastri wa pili waliteleza kona ile ile, kwa wakati mmoja. Norris alirudi barabarani, akaingia piti, pale pa kubadilishia tairi, moja kwa moja kufungiwa mifereji, akashinda. Piastri, mtoto wa Melbourne mwenyewe, alibaki kwenye majani, tairi zinazunguka gari haiendi, mpaka akajitoa kwa kurudi nyuma. Akamaliza wa tisa. Lawson na Bortoleto waliendelea na sliki. Wote wawili waliishia ukutani.

Hawa ni madereva bora duniani, kwenye barabara isiyo na punda wala bodaboda, na maji kidogo yaliwashinda kwa sababu sliki haina pa kuyapeleka. Tairi ya mvua kubwa ya Pirelli, watengeneza tairi za Formula 1, hutoa lita 85 za maji kwa sekunde gari ikiwa kilomita 300 kwa saa. Ile ya kijani lita 30. Kipara hakitoi kitu. Maji yanajikusanya mbele ya tairi, yanainyanyua, na hapo usukani unakuwa mwepesi mkononi. Ukiusikia wepesi huo gari imeshaelea. Na sisi huku tunakaa miezi mingi bila tone. Lami inajaa vumbi na oili, na mvua ya kwanza inapogusa, panakuwa uji.

Kina kikifika milimita 1.6, tairi imekwisha. Huhitaji kipimo: ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, na vikilingana na uso wa tairi usibishane na mtu. Mimi kwa anayebeba abiria nasema badilisha kwenye 3, msimu wa mvua usisubiri.

Kuna wanaopunguza upepo eti jua la Dodoma litapasua tairi. Ni kinyume chake. Tairi yenye upepo mdogo inajikunja kila inapozunguka, inajichemsha yenyewe, ndiyo inayopasuka. Na kwenye maji inaelea mapema zaidi. Usiniambie magari ya mashindano yana upepo mdogo. Tairi zao zimeundwa kwa upepo huo, na kila wikiendi Pirelli anawapangia kiwango cha chini ambacho hawaruhusiwi kukishusha. Chako kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pima asubuhi, tairi ikiwa ya baridi.

Wanaouliza kuhusu kujaza naitrojeni badala ya upepo wa kawaida: hewa ya kawaida ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari. Ukitaka jaza, haina ubaya, ila utapima vile vile.

Tairi za mtumba: soma tarakimu nne za mwisho pembeni. 2316 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mng'ao usikudanganye, nyingi zimepakwa dawa.

Na wanaoniuliza mbona McLaren, timu ya Norris, walibadilisha tairi nne kwa sekunde 1.80 kule Qatar mwaka 2023: gurudumu lao lina nati moja, na watu wanaolizunguka gari wanakaribia ishirini. Noah ina nati tano kila gurudumu, na mimi niko na kijana mmoja. Nati zinakazwa kwa kuvuka, si kwa kufuatana, na baada ya kilomita 50 mpaka 100 zinarudiwa.

Yule dereva hatimaye alinunua mbili, akataka zifungwe mbele kwa kuwa gari inavutia mbele. Nikazifunga nyuma. Mbele ikiteleza, usukani unakuambia na ukipunguza mwendo gari inarudi. Nyuma ikiteleza, gari inageuka na abiria wote. Alinung'unika, akalipa, akapakia. Jumatano jioni alipita akitokea Kondoa, nikamrudishia spana kwenye kila gurudumu nililofungua, na nati mbili za kushoto zikazunguka robo nzima.