Si wewe uliyepitwa na wakati: dhana potofu kuhusu simu janja, na ukweli wake

Huku magharibi mwa Kenya, kutoka Kondele hadi Luanda, kutoka Mumias hadi Chwele, simu janja inapendwa na inalaumiwa vilevile. Anayeitumia kupokea picha za wajukuu walioko Nairobi ndiye huyohuyo anayelalamika kwamba imemlia bando, imemjaza wasiwasi na kumfanya ajione mjinga. Malalamiko mengi yana msingi. Shida iko kwenye maelezo watu wanayopewa: mengine yalikuwa kweli kwa simu za miaka ya 1990, mengine hayajawahi kuwa kweli, na karibu yote yanagharimu pesa. Haya ndiyo yanayosikika sana vibandani na sokoni pande hizi.

Dhana: "Simu hizi si za watu wa vidole vya jembe."

Hii ndiyo inayoumiza wengi, nasi tunaianzia kwa sababu kosa si la mtu, na dawa yake ni rahisi.

Kioo cha simu janja hakipimi nguvu ya kidole. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba zisizoonekana zenye chaji ndogo ya umeme. Ngozi yenye unyevu kiasi inapogusa, chaji hubadilika mahali hapo, na simu inajua umegusa wapi. Ngozi iliyokauka na kuota sugu kwa jembe, kwa kamba za nyavu au kwa saruji haipitishi umeme vizuri, kwa hivyo simu huenda isihisi kitu. Kidole kinachodondosha maji nacho huichanganya.

Mwenye simu akiona haisikii, anabonyeza kwa nguvu na kwa muda mrefu, kama alivyozoea batani za kabambe, ile simu ndogo isiyo janja. Hapo ndipo mambo yanapoharibika zaidi, maana mguso mrefu una kazi yake: badala ya kufungua ujumbe, simu inauchagua, badala ya kufungua programu, inangoja uihamishe au uiondoe. Ndivyo WhatsApp "inavyopotea" kwenye simu ya mama mzee, na mjukuu anaishia kusema, "Nyanya, si nilikwambia usiguseguse?"

Nyanya hana kosa. Apake mafuta kidogo vidoleni, ayapanguse, kisha aguse kwa ubapa wa kidole, si kwa ncha wala ukucha, na aachilie papo hapo. Halafu ingia Mipangilio, sehemu ya ufikivu, utafute muda wa kugusa na kushikilia, uuweke mrefu. Simu nyingine, zikiwemo nyingi za Samsung, zina swichi ya kuongeza wepesi wa kioo kuhisi. Iwashe kama kuna protekta, ile karatasi ya kulinda kioo. Protekta nene ya bei ya chini iliyoachia hewa pembeni ni afadhali iondolewe kabisa. Ukiwa hapohapo, kuza herufi, badilisha lugha iwe Kiswahili, na muda wa kioo kuzimika utoe kwenye sekunde 30 hadi dakika 2. Anayesoma polepole hawezi kufuata maagizo kwenye kioo kinachomzimikia katikati ya sentensi.

Simu ikianza kusoma kila kitu kwa sauti na kukataa kufunguka kwa mguso mmoja, haijarogwa wala haina virusi. Ni huduma ya wasioona, TalkBack, iliyowashwa bila kukusudia. Mara nyingi inazimika ukishikilia vitufe viwili vya sauti pamoja kwa sekunde 3. Ikigoma, gusa unachotaka mara moja, kisha gusa mara mbili haraka ili kukifungua, na usogeze kurasa kwa vidole viwili hadi ufike kwenye mipangilio na kuizima.

Dhana: "Bila simu janja huwezi kupata huduma yoyote siku hizi."

M-Pesa ilianza Machi 2007, wakati simu za Wakenya wengi zilikuwa za batani, na hadi leo *334# inafanya kazi kwenye kabambe. SHA, bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usajili uliwekwa pia kwenye *147#. Mtu anayetosheka na kupiga, kupokea na kutuma pesa hana deni na yeyote. Kabambe yake inakaa na chaji siku kadhaa, na kwa kijiji kisicho na stima hilo si jambo dogo.

Kinachohitaji intaneti kweli, kama eCitizen ya huduma za serikali au iTax ya kodi, unaweza kukifanya saiba (duka la intaneti) au Huduma Centre, vituo vya huduma za serikali. Zipo Kisumu, Kakamega, Nakuru na kaunti nyingine. Lakini hapa tunaomba uwe macho. Kijana wa saiba akikufungulia barua pepe, mara nyingi huweka namba yake mwenyewe ya kurejesha nenosiri, kwa sababu ni haraka. Miezi sita baadaye nenosiri limesahaulika, kijana amehama, na wewe umefungiwa nje ya akaunti yako ya serikali. Sisitiza namba ya kurejesha iwe yako. Nenosiri liandike kwenye daftari la nyumbani, na usiondoke hapo kabla hujaona umetoka kwenye akaunti yako katika kompyuta yao.

Dhana: "Betri iache iishe kabisa ndipo uchaji, na ikiwa mpya ichaji masaa manane kwanza."

Ushauri huu ulitoka kwenye betri za nikeli na kadimiamu, ambazo kweli zilipoteza uwezo zikichajiwa nusunusu. Simu za leo zina betri za lithiamu, na mambo ni kinyume. Kuishusha hadi sifuri kila siku kunaizeesha, na kuiacha ikikaa kwenye asilimia 100 katika joto kunaizeesha zaidi. Kati ya asilimia 20 na 80 ndipo inapodumu. Ukichaji nusu leo na nusu kesho, hiyo inahesabiwa mzunguko mmoja, si miwili, kwa hivyo kuchaji kidogo kidogo hakuna hasara. Kwa kipimo: tangu Juni 2025 sheria ya Ulaya inadai simu mpya zinazouzwa huko zibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wa betri baada ya mizunguko 800.

Tunajua kwa nini watu hungoja iishe. Mahali ambapo unalipia chaji dukani kila mara, kupeleka simu yenye asilimia 40 kunaonekana kutupa pesa. Ni hesabu inayoeleweka. Hata hivyo, ukipata sola ya jirani au stima ya kanisani, chomeka bila kujali imebaki ngapi.

Kuchaji usiku kucha hakulipui simu, kwani ikijaa, saketi yake hukata umeme yenyewe. Kinachochoma nyumba ni chaja bandia na joto lisilo na pa kutokea: simu chini ya mto, juu ya godoro, ndani ya blanketi. Iweke juu ya meza. Apple inashauri simu zake zitumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35, na mchana wa Kisumu dashibodi ya matatu iliyoegeshwa juani inapita hapo haraka. Ukiona kioo kinainuka upande mmoja au mgongo unaachana na fremu, betri imevimba. Zima, usichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe "kutoa hewa". Hewa hiyo inawaka moto.

Dhana: "Ikiingia maji, izike kwenye mchele."

Mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya simu iliyofungwa. Unachofanya ni kuingiza vumbi la wanga kwenye tundu la chaji, na kukupa matumaini wakati kutu inaendelea na kazi. Januari 2024 Apple iliwaambia wateja wake waziwazi wasiutumie.

Kinachoua simu ni maji yenye chumvi na madini yakikutana na umeme. Kwa hivyo jambo la kwanza ni kuizima, hata kama bado inawaka vizuri. Usijaribu chaji "kuona kama iko sawa"; hapo ndipo nyingi hufia. Toa laini na kishikio chake, futa, elekeza tundu la chaji chini ugongegonge taratibu kiganjani, kisha iache mbele ya feni au kwenye upepo, kivulini, kwa muda usiopungua masaa 24. Hakuna jua kali, hakuna jiko, hakuna mashine ya kukausha nywele, kwani joto hulegeza gundi na kusukuma mvuke ndani zaidi.

Ikiwa ilianguka ziwani Dunga, chooni, au kwenye soda au chai ya maziwa, usingoje ikauke. Tope na sukari hubaki hata maji yakiisha. Mpelekee fundi siku hiyohiyo, aifungue, atoe betri kwanza, aisafishe bodi kwa spiriti safi ya isopropili na brashi laini. Fundi anayetaka kutumia petroli, mwambie akurudishie simu yako. Na alama ya IP68, ya kuonyesha simu inahimili maji, isikudanganye: hupimwa kwa simu mpya, ndani ya maji safi, kwa muda maalumu. Kioo kikishabadilishwa kibandani, usiihesabu tena kuwa ni simu ya kuingia maji.

Dhana: "Zima simu, inavuta radi."

Eneo la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na watu wa Kakamega na Kisii hawahitaji kuambiwa. Lakini mawimbi ya simu hayaiiti radi. Radi hufuata kilicho kirefu, na aliye wazi shambani. Kilicho hatari ni simu iliyochomekwa ukutani: radi ikipiga nguzo au waya wa stima, umeme husafiri hadi kwenye chaja, na wewe umeiweka sikioni. Mawingu yakikusanyika, chomoa chaja na televisheni. Simu isiyo na waya itumie kupiga ukiwa ndani ya nyumba. Usikimbilie chini ya mwembe. Ukisikia ngurumo ya mwisho, ngoja dakika 30 kabla ya kurudi shambani.

Dhana: "Imekuwa nzito, basi imezeeka, nunua nyingine."

Mara nyingi imejaa tu. Simu ya GB 32 hutumia zaidi ya GB 10 kwa mfumo wake mwenyewe, na zinazobaki huliwa na video za makundi ya kanisa, chama na harambee. Ingia WhatsApp, mipangilio, hifadhi na data, kisha dhibiti hifadhi. Utaona faili zinazozidi MB 5 na zile zilizosambazwa mara nyingi. Anza kufuta hapo. Kisha zima upakuaji wa kiotomatiki wa picha, sauti, video na hati unapotumia data ya simu. Hatua hiyo moja inaokoa nafasi na bando pamoja, nasi tungeiweka kwenye kila simu ya mzazi kabla ya kumkabidhi. Kufungafunga programu zilizo nyuma kila dakika hakusaidii. Simu huzianzisha upya na kutumia chaji zaidi.

Kuna uzee wa kweli, nao hauonekani kwa macho. Fungua sehemu ya "Kuhusu simu" uangalie tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya miaka kadhaa nyuma na hakuna jipya linalokuja, simu hiyo ibaki ya kupiga, picha na muziki, lakini programu ya benki uiondoe. WhatsApp nayo, tangu Oktoba 2023, haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya 5.0. Samsung iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Galaxy S24 mwaka 2024, ila simu nyingi za bei nafuu hupata miaka michache tu. Uliza hilo dukani kabla ya kuuliza megapikseli. Maana megapikseli nyingi hazileti picha nzuri zenyewe: kamera nyingi za 48 huunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya 12.

Na kwa wanabodaboda, kuna jambo moja halisemwi vya kutosha. Septemba 2021 Apple ilitahadharisha kwamba mtikisiko wa injini za pikipiki zenye nguvu unaweza kuharibu sehemu inayotuliza lenzi za iPhone. Simu nyingine zenye kamera ya namna hiyo zina sehemu zilezile ndogo zinazocheza ndani. Ramani isikilize kwa sauti, simu ikae mfukoni.

Dhana: "Piga *#62#, ukiona namba, kuna mtu anakusikiliza."

Namba hiyo ndiyo simu zako huelekezwa usipopatikana, na kwa kawaida ni ya sanduku la sauti la kampuni ya simu. Inayopaswa kukuogopesha ni sauti ya mgeni anayekuomba upige **21* na namba fulani, kwani hapo simu zako zote zinamwendea yeye. Kama ulishapiga, ##002# hufuta uelekezaji wote. Kwa laini za Safaricom, *106# inakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Dhana: "Simu ikiflashiwa (ikifutwa na kuwekewa mfumo upya), inakuwa mpya kabisa."

Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa bila kuondolewa akaunti ya Google hudai akaunti ileile inapowashwa. Simu za mkopo zina kufuli nyingine inayorudi kutoka mtandaoni hata baada ya kufutwa, na fundi anayekuahidi "kuitoa milele" anakuuzia wiki chache. Ukiuza yako, hamisha picha, ondoa akaunti ya Google, ondoa nenosiri la kioo, ndipo uifute. Ukinunua ya mkono wa pili, iwe ya Oginga Odinga Street mjini Kisumu au ya kijana wa jirani, lipa baada ya kuiona ikifutwa mbele yako na kuwaka hadi mwisho bila kuuliza akaunti ya mtu. Piga *#06#, ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi. Chomeka laini yako, piga simu, rekodi sauti, jaribu kamera zote mbili, chaji dakika tano uone kama asilimia inapanda, na usiondoke bila risiti yenye namba hiyo ya IMEI.