Iyakkunar: maana ya mwongozaji katika filamu za Kitamil

Kwa Kitamil, lugha ya kusini mwa India, mwongozaji wa filamu huitwa iyakkunar. Neno hili linatokana na kitenzi iyakku, yaani kuendesha, kukifanya kitu kitembee. Hutangulia jina la mtu kama sisi tunavyosema Mwalimu fulani au Fundi fulani, na wakubwa huongezewa sifa. K. Balachander aliitwa Iyakkunar Sigaram, kilele cha waongozaji. Bharathiraja akapewa Iyakkunar Imayam, Himalaya yao.

Cheo hicho kwa kawaida hakipatikani darasani. Njia iliyozoeleka huko Kodambakkam, mtaa wa Chennai ulioipa sinema ya Kitamil jina la Kollywood, ni kukaa chini ya mwongozaji mkubwa kama msaidizi. Msaidizi hugonga kibao mbele ya kamera, hukumbuka mwigizaji alivaa shati gani jana, humsomea maneno yake. Hufanya hivyo miaka kadhaa, huku akiwa na hadithi yake mwenyewe mfukoni.

Ndiyo maana mimi naiona kazi hii kama silsila. Bharathiraja alikuwa msaidizi wa Puttanna Kanagal, bingwa wa filamu za Kikannada, lugha nyingine ya kusini mwa India. Mwaka 1977 akatoa 16 Vayathinile, akaitoa kamera studio na kuipeleka kijijini, kwenye vumbi na mbuzi. Kamal Haasan, kijana mtanashati, akacheza maskini anayechechemea ambaye kijiji kizima kinamtuma ovyo. Msaidizi wa Bharathiraja alikuwa Bhagyaraj. Msaidizi wa Bhagyaraj alikuwa Parthiban, aliyeongoza Pudhea Paadhai mwaka 1989. Hivyo ni vizazi vinne, kila mmoja kafunzwa na aliyemtangulia.

Balachander alipita kwingine. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya Mhasibu Mkuu mjini Madras, ndiyo Chennai ya leo, akitunga tamthilia baada ya saa za kazi, na jukwaa ndilo lililomfikisha kwenye filamu yake ya kwanza, Neerkumizhi, mwaka 1965. Miaka 10 baadaye, katika Apoorva Raagangal, alimpa nafasi ndogo kijana aliyewahi kuwa kondakta wa basi Bangalore, Shivaji Rao Gaekwad, akambatiza jina Rajinikanth. Kijana yule anaingia kwenye hadithi akisukuma geti, ndevu zimemjaa. Hakuna aliyemjua siku ile. Leo ni mmoja wa nyota wakubwa kabisa wa India, na geti lile bado linatajwa.

Uzito wa neno iyakkunar unausikia vizuri zaidi katika filamu nyingi za Bharathiraja. Kabla hadithi haijaanza, sauti yake mwenyewe, nzito na yenye mikwaruzo, inawasalimu watazamaji: “En iniya Tamil makkale”, enyi watu wangu wapendwa Watamil. Nyota bado hajaonekana, lakini ukumbi mzima umeshajua uko mikononi mwa nani.