Ukitaka mbele ishike, anza na nyuma: saspensheni ya hachibaki ya saketi

Kila anayeniletea hachibaki yake kwa mara ya kwanza ana malalamiko yaleyale: "Fundi, pua inatoka nje. Nakata usukani, gari linanyooka tu." Halafu, kabla hata sijainama kutazama chini, ananiambia ameshaagiza stabilaiza nene ya mbele, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona. Namwomba asiifunge kwanza. Ikiwa imeshafika, aiweke stoo.

Kazi yangu ni kuandaa magari madogo ya mbio za saketi, yale yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Karibu kila kitu ninachokifanya kwenye magari hayo kinatokana na jambo moja: tairi za mbele zimeelemewa. Ndizo zinazofunga breki kwa sehemu kubwa, ndizo zinazogeuza gari, ndizo zinazolivuta, na juu yake zimebebeshwa injini na giaboksi. Za nyuma zinasindikiza tu. Kwa hiyo saspensheni ya nyuma ya hachibaki ya mbio siitaki ishike barabara kadiri inavyoweza. Naitaka ipokee sehemu ya mateso ya mbele.

Tuchukue gari la kilo 1,000 pamoja na dereva, kilo 620 zikiwa mbele na 380 nyuma. Likisimama, kila tairi ya mbele inabeba kilo 310 na kila ya nyuma 190. Kitovu cha uzito kiko sentimita 50 juu ya lami, na upana kutoka tairi hadi tairi ni sentimita 145. Ukiingia kona kwa kasi inayozalisha nguvu ya pembeni sawa na uzito wa gari lenyewe, kilo kama 345 zinahama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Hesabu ni nyepesi: 1,000 mara 50, gawanya kwa 145. Hakuna springi wala stabilaiza itakayopunguza hizo 345. Zinapungua ukishusha kitovu cha uzito, ukipanua gari au ukiling'oa vitu likawa jepesi, basi.

Unachoweza kuchagua ni nani azibebe. Tuseme nyuma ni laini na inachukua 155, mbele ikabaki na 190. Tairi ya mbele ya ndani inabaki na kilo 120, ya nje inakandamizwa na 500. Sasa kaza nyuma hadi ichukue 190, mbele ibaki na 155. Ya ndani inapata 155, ya nje inashuka hadi 465. Tairi ukiiongezea mzigo mara mbili haikupi mshiko mara mbili, inakupa pungufu ya hapo. Ndiyo maana tairi mbili zenye 155 na 465 zinashika vizuri kuliko zenye 120 na 500, ingawa jumla ni ileile. Na zile kilo 35 za ziada kwenye tairi ya ndani ndizo zinazoizuia kuzunguka bure ukikanyaga mafuta kutoka kwenye kona.

Tazama tena nyuma lakini. Tairi ya ndani ilikuwa na kilo 190, na zote 190 zimehama. Imebaki na sifuri, ipo hewani. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Wameona picha za hachibaki iliyonyanyua mguu kama mbwa kwenye nguzo, wakaamini kwamba kadiri mguu unavyopanda ndivyo gari linavyokwenda. Tairi ikishaacha lami, nyuma imemaliza akiba yake. Ukiongeza stabilaiza ya nyuma zaidi ya hapo hupati kitu, na kila kilo inayohama baada ya hapo inaangukia mbele, kulekule ulikokuwa unakukimbia. Mimi napenda tairi ile ya ndani ipae kidogo tu, pumzi ya karatasi chini yake, katikati ya kona ngumu. Ikipanda shubiri nzima, tatizo liko mbele: mbele inalala mno.

Springi sasa. Watu hubadilishana namba kama wanabadilishana mapishi: "sita mbele, nane nyuma", yaani kilo zinazohitajika kuibana springi milimita moja. Namba hiyo peke yake haina maana mpaka ujue springi imekaa wapi. Ng'oa springi, nyanyua gurudumu kwa jeki milimita 50, pima kikalio cha springi kimesogea kiasi gani. Kwenye mguu wa MacPherson, ule ambao springi na shokapu ni kitu kimoja kilichosimama juu ya gurudumu, kitasogea karibu 47 au 48, kwa sababu springi iko karibu kabisa na gurudumu. Kwenye Honda Civic za miaka ya 1990, zenye mikono miwili juu na chini, shokapu inashika katikati ya mkono wa chini, hivyo springi inatembea karibu theluthi mbili tu ya safari ya gurudumu. Uwiano huo unazidishwa kwa wenyewe: theluthi mbili mara theluthi mbili ni kama 0.44. Springi ya kilo 10 pale inakuwa 4.4 tu kwenye gurudumu. Ileile ukiipeleka kwenye MacPherson inakupa karibu 9. Aliyenakili namba ya Civic akaifunga kwenye gari la MacPherson ameweka matofali.

Njia yangu ni kuanza na mapigo: gari lidunde mara ngapi kwa sekunde likiachwa juu ya springi zake. Gari la kawaida la familia liko kati ya pigo moja na moja na nusu. Kwa hachibaki ya saketi isiyo na mabawa, naanza na 2.2 mbele na 2.6 nyuma. Kwenye gari letu la mfano, ukitoa uzito wa gurudumu, breki na habu, kila upande wa mbele una kilo kama 275 zinazokaa juu ya springi, na kila upande wa nyuma 160. Mapigo 2.2 yanadai kama kilo 5.4 kwa milimita kwenye gurudumu la mbele, yaani springi ya 6 kwenye MacPherson. Nyuma yanadai 4.4 kwenye gurudumu, lakini tuseme ni ile ekseli ya kujisokota, boriti moja inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma, iliyoonekana kwenye Golf ya kwanza mwaka 1974 na ikaenea kwenye hachibaki za kila kampuni, na springi imekaa mbele ya gurudumu kiasi cha kutembea robo tatu tu ya safari yake. Springi inayotakiwa inafika 7.7. Nyuma ni nyepesi zaidi, na bado springi yake ni ngumu kuliko ya mbele. Wateja wakiona hivyo wanadhani nimekosea maboksi.

Kuna kosa nimelifanya mwenyewe na sitalisahau. Gari langu la kwanza la mbio nililishusha milimita 60, likapendeza kama kitu cha maonyesho. Likawa zito kugeuka kuliko lilipotoka kiwandani. Nikalaumu tairi, nikalaumu alaimenti, nikanunua springi ngumu zaidi. Mwishowe nilichukua kile kikamba cha plastiki cha kufungia nyaya, nikakifunga kwenye fimbo ya shokapu, nikakisukuma hadi kwenye mwili wake, nikaenda mizunguko mitatu. Niliporudi kilikuwa kimesukumwa juu kabisa, kimebanwa kwenye raba ya kikomo, ile inayopokea pigo shokapu ikifika mwisho wa safari yake, kimekatika nusu. Gari langu halikuwa linakwenda kwa springi, lilikuwa linakwenda kwa raba. Raba ikikutwa katikati ya kona, ugumu wa mbele unaruka ghafla, mzigo wote unakimbilia tairi ya nje, na pua inatoka. Kikamba kile ni cha bei ya bure, na tangu siku ile hakuna gari linalotoka gereji kwangu bila vinne.

Lilikuwepo na tatizo la pili lisiloonekana kwa kikamba. Kwenye MacPherson, mkono wa chini unatakiwa ulale sawa na ardhi, au boljointi ikae chini kidogo kuliko bushi za ndani. Ukilishusha gari kupita kiasi, mkono unapinduka: upande wa gurudumu unakuwa juu. Mhimili ambao gari linalala kuuzunguka unashuka haraka kuliko kitovu cha uzito kinavyoshuka, kwa hiyo mkono wa nguvu inayolilaza gari unarefuka. Umeshusha gari, na linalala zaidi! Isitoshe, gurudumu likipanda linaanza kupoteza kemba, yaani ule mwinamo wa tairi kuelekea ndani kwa juu, badala ya kuiongeza, na tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu) iliyoinama vibaya inaligeuza kila linapokutana na tuta. Boljointi zenye shina refu hurekebisha mengi ya hayo, ila kanuni za mashindano mengi hazizikubali kwenye madaraja ya chini. Ukiwa huko, shusha milimita 25 hadi 30 ukaridhike. Kabla ya kununua chochote, piga magoti utazame mkono wa chini kwa pembeni gari likiwa limesimama kwa miguu yake.

Kemba yenyewe: MacPherson ya mbele inataka nyingi, digrii 3 hadi 3.5 tairi ikiinamia ndani, kwa sababu gari likilala mwili unaibeba tairi ya nje na kuisimamisha. Nyuma naweka 1.5 au 2. Usiniamini mimi, amini kipima joto cha sindano. Dereva akiingia tu kutoka saketini, ichome sindano kwenye tairi sehemu tatu, ndani, katikati na nje. Ndani ikizidi nje kwa digrii 5 hadi 10 za joto, naacha. Nje ikiwa ya moto kuliko ndani, ongeza kemba. Katikati ikizidi zote mbili, punguza upepo. Tou ya mbele, yaani mwelekeo wa tairi ukizitazama kutoka juu, nafungua nje kama milimita 2 kwa jumla ili pua ijibu haraka. Nyuma naiweka sifuri, au naifungua kidogo sana kwa dereva mzoefu.

Pesa ikiwa haitoshi, itie kwenye shokapu. Stabilaiza nzuri juu ya shokapu iliyochoka ni upotevu. Springi ikikazwa mara mbili, shokapu inahitaji nguvu kama mara 1.4 ili kuituliza vilevile, ndiyo maana springi ngumu juu ya shokapu za kiwandani zinalifanya gari liyumbe kama mtumbwi. Zile za kurekebishwa kwa kitufe kimoja nyingi hubadilisha zaidi nguvu ya kurudi kuliko ya kukandamizwa. Ukikaza mno, gurudumu halipati muda wa kushuka kati ya tuta na tuta, na gari linajivuta chini taratibu hadi linakalia raba zake. Mimi huanza kwenye laini kabisa, nakaza hatua moja kila safari hadi saa ya kupimia mizunguko inaponiambia nimepita, kisha narudi moja. Kitufe hakitibu springi iliyokosewa.

Bushi sitakaa nazo sana: zilizochanika zitoe, za mpira mgumu zinatosha kwa daraja la kuanzia. Ila kwenye ekseli ya kujisokota kuwa mwangalifu, maana bushi zake hupindishwa pande nyingi kwa wakati mmoja, na bushi ngumu mno inaikaba ekseli nzima.

Mizani ya magurudumu manne ni ya lazima mara moja tu kwa msimu, lakini ifanywe vizuri. Dereva akae ndani au weka mifuko ya mchanga yenye uzito wake, mafuta yawe nusu, upepo uwe sawa, na linki za stabilaiza uzifungue kabla ya kuanza. Jumlisha mbele kulia na nyuma kushoto, ilingane na nusu ya gari zima. Jumla hiyo ikipishana na nusu kwa kilo 20, gari litapenda kona za upande mmoja na kuzichukia za upande mwingine, na dereva atasema ni saketi.

Gari lililokazwa nyuma hivi ni tamu tairi zikiwa na moto. Zile za nyuma hazivuti wala hazigeuzi, breki yao ni ndogo, kwa hiyo zinachelewa kupata joto. Za mbele zikiwa tayari mzunguko wa kwanza, za nyuma zinahitaji wa pili au wa tatu. Katikati ya hapo dereva anaingia kona kwa imani ya mbele, anaogopa, anaachia mafuta, uzito unakimbilia mbele, na mkia unampita dirishani. Nimeyaokota magari mawili ya namna hiyo kwenye mchanga kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha. Dereva mgeni namwambia asiachie mafuta ghafla, na akiona mkia unatoka akanyage mafuta kidogo, pua imvute, ingawa mguu wake utataka kufanya kinyume.

Mvua ikinyesha, fungua linki moja ya stabilaiza ya nyuma, ifunge pembeni kwa kile kikamba cha plastiki isigonge, rudisha shokapu za nyuma hatua mbili au tatu. Lami yenye maji haikupi nguvu ya kuhamisha zile kilo 345, na nyuma ngumu pale itakugeuza utazame ulikotoka. Linki unaifungua kwa spana mbili, dakika tano.