Stesheni ya Tokawa: reli inayolishwa na biskuti za mchele

Katika kazi yangu ya uchumi wa uchukuzi, stesheni ninayopenda kuitolea mfano ni Tokawa, kituo cha mwisho cha reli ya umeme ya Choshi, mji wa wavuvi ulioko mashariki kabisa ya mkoa wa Chiba nchini Japani, pale mto Tone unapoingia katika bahari ya Pasifiki. Jengo lake ni kibanda cha mbao cha tangu njia ilipofunguliwa mwaka 1923. Reli zenyewe huishia mbele kidogo ya jukwaa, karibu na behewa kuukuu lililostaafishwa, na bandari ya wavuvi haiko mbali.

Njia nzima ina urefu wa kilomita 6.4 na stesheni 10. Udogo huo ndio chanzo cha tabu, kwa sababu gharama za reli hazipungui abiria wanapopungua: mataruma huoza, nyaya huchakaa, na ukaguzi wa mabehewa unaotakiwa na sheria hulipiwa, iwe treni imejaa au imembeba bibi mmoja na kapu lake. Njia iliyotangulia hapo ilifunguliwa mwaka 1913, na kufikia 1917 ilikuwa imeshafungwa.

Hii ya sasa imeokolewa na chakula. Choshi ni mji wa sosi ya soya (kampuni ya Yamasa ilianzishwa huko mwaka 1645), na mwaka 1995 kampuni ya reli ikaanza kuuza nure-senbei, yaani biskuti ya mchele inayochomwa, kisha ikachovywa katika sosi ingali moto, hata ikawa laini: ukiivunja haikatiki, bali hupinda. Mwaka 2006, baada ya kashfa ya fedha ya uongozi uliopita, ruzuku zilikuwa zimekatwa na fedha za ukaguzi hazikuwepo. Kampuni ikaandika kwenye tovuti yake ikiwasihi watu wanunue biskuti ili treni zitengenezwe, na maagizo yakamiminika kutoka kila pembe ya nchi.

Wapo wenzangu wanaoiita hiyo sadaka. Mimi sikubaliani nao, kwani mnunuzi hupata bidhaa kamili kwa fedha yake, na kinachoitofautisha na biskuti nyingine dukani ni treni yenyewe. Kwa hiyo kuifunga reli kungekuwa kuiua biashara inayoilisha. Hata majina ya stesheni yamewahi kukodishwa kwa wafadhili, mmojawapo akiwa mtengenezaji wa shampuu.

Hata hivyo, hesabu hii ina mpaka wake. Biskuti hulipia matengenezo, lakini behewa jipya kutoka kiwandani ni gharama ya daraja jingine kabisa, ndiyo maana mabehewa yaliyoanza kazi Choshi mwaka 2010 yalikuwa yameshatumika Tokyo, kisha Matsuyama.