Hakuna nyasi ya kunyonya chumvi

Nimeulizwa tena: "Mtaalamu, tupande nyasi gani ikaimalize chumvi shambani?" Hakuna. Tafadhali tuliache hili.

Nikijibu hivyo, wapenzi wa atripleksi, kichaka kinachostahimili chumvi, hawakosi: mbona majani yake yana chumvi? Yanayo, tena majani makavu yanaweza kufikia asilimia 20 ya uzito. Sasa piga hesabu. Ukivuna tani moja kwenye hekta, umeondoa kilo 200. Chini ya mashamba ya ngano ya Australia Magharibi zimelala tani kwa mamia katika kila hekta, zilizoletwa na mvua na upepo wa bahari kwa maelfu ya miaka. Na kondoo aliyekula majani hayo anaikojoa palepale. Atripleksi ni malisho mazuri ya ardhi iliyokwisha kuharibika, basi.

Kinachopandisha chumvi ni maji. Mhandisi wa reli W. E. Wood aliyaandika haya mwaka 1924: ukifyeka mimea ya asili, iliyokuwa ikinywa karibu mvua yote, maji yanayobaki yanazama na kuinua maji ya ardhini. Yakifika kama mita mbili kutoka juu, udongo unayavuta, jua linayakausha, chumvi inabaki.

Kwa hiyo niambie ni mmea gani unaokunywa maji kule mwinukoni, juu ya doa la chumvi, na kwa miezi mingapi. "Mbona klova yangu, malisho ya msimu mmoja, ni kijani kibichi?" Ndiyo, majira ya baridi, mvua ikiwa nyingi kuliko kiu yake! Kiangazi kikiingia imeshakufa. Toboa kwa keekee ya udongo mwezi Machi: upande wa klova, udongo wa kina cha mita moja na nusu unanata vidoleni, ng'ambo ya ua, kwenye lusini, malisho yanayoishi miaka kadhaa, unamwagika kama unga. Ukavu huo ndio nafasi ya kupokea mvua ijayo. Siri ya lusini si kiu ya siku moja, ni kuwa hai Januari, katikati ya kiangazi, mizizi ikiwa mita mbili au tatu chini.

Lusini inashindwa pia. Udongo wenye asidi au unaotuamisha maji unaiua, na kulishia mifugo bila kuipumzisha lusini yenyewe kunaimaliza. Ukiing'oa urudi kwenye ngano, ule ukavu unajaa tena baada ya misimu michache. Kwenye vibonde vidogo naipendekeza bila wasiwasi; kwenye mabonde mapana na bapa, ambako maji yanatoka kwa majirani wengi, nina shaka kama shamba moja litabadilisha chochote.

Ukinitumia picha, usipige doa la chumvi. Piga mwinuko ulio juu yake, mwezi Februari.